Kuanzisha kikundi cha huduma ya kwanza kaskazini mwa Kenya

Maswali ya wanaoanza huwa yale yale: mkoba wa huduma ya kwanza unauzwa wapi, unagharimu pesa ngapi, na tukishaununua tuko tayari? Jibu fupi ni kwamba mkoba ndio kitu cha mwisho kununua. Nairobi au Mombasa, huduma ya kwanza ni kumshikilia mgonjwa dakika chache hadi ambulensi ifike. Ukiwa Kargi, Dukana, Illeret au manyatta yoyote iliyo mbali na lami ya Isiolo–Moyale, dakika hizo hugeuka saa, na mara nyingine usiku mzima. Kikundi cha huku basi kina kazi mbili: kutomzidishia mgonjwa madhara, na kumfikisha penye tiba. Watu hujifunza ile ya kwanza darasani, wakasahau kabisa kuipangia ile ya pili.

Haya yameandikiwa kijana, mama, mwalimu au mfugaji anayetaka kuanzisha kikundi cha kujitolea Marsabit, Turkana, Samburu, Isiolo, Wajir au Mandera. Kuyasoma hakutoshi kukufanya mhudumu. Mafunzo ya vitendo bado utayahitaji.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Watu wanane hadi kumi na wawili walio tayari, wanawake wakiwemo.
- Ruhusa ya chifu na wazee, iliyotolewa mbele ya watu na si kwa simu.
- Nesi wa zahanati iliyo karibu aliyekubali kuwa mshauri wenu.
- Simu mbili za mulika mwizi, ambazo chaji yake hukaa siku kadhaa, na simu moja ya kisasa yenye GPS, yaani kipimo cha kuonyesha mahali ulipo.
- Paneli ndogo ya sola ya kuchajia.
- Daftari gumu na kalamu mbili.
- Akiba ya mafuta ya gari, hata kama ni kidogo.

Hakuna hata kimoja hapo kinachotoka duka la dawa.

Hatua ya 1: Chora njia ya kutoka

Kaeni chini na karatasi kubwa. Wekeni alama kila zahanati, kituo cha afya na hospitali mnayoweza kuifikia, na mwandike saa za safari badala ya kilomita. Andikeni saa za kiangazi na saa za mvua kando kando, kwa sababu laga, yaani mto mkavu, ikijaa maji, safari ya saa mbili inaweza kuwa ya siku mbili. Wekeni alama mahali gari linapokwama, visima, na kila sehemu inayoshika mtandao, hata kama ni jiwe moja kilimani.

Kisha ulizeni kila kituo maswali manne: mnafungua lini, nani yupo usiku, mna dawa ya sumu ya nyoka, na mnaweza kuongeza damu? Msishangae zahanati ya karibu ikijibu hapana mara mbili. Kwa aliyeumwa na nyoka, kituo cha karibu kisicho na dawa kinaweza kumpotezea saa ambazo angezitumia kuelekea hospitali ya rufaa ya kaunti. Rudieni maswali haya kila mwezi, maana dawa ya nyoka huisha na hakuna atakayewatangazia.

Hatua ya 2: Chagua watu kwa mahali wanapolala

Kosa kubwa hapa ni kuchagua vijana kumi wenye vyeti vya shule, wote wakaao kando ya duka moja. Wagawe. Wawili wawe sokoni, mmoja karibu na shule, wengine kila manyatta. Hakikisha wawili au watatu ni wale wanaokwenda fora, yaani malisho ya mbali, na ngamia au mbuzi, kwa sababu huko ndiko mtu huumwa na nyoka, huanguka kutoka kwenye ngamia, au hushambuliwa na fisi, na hakuna nesi hata wa kumtaja.

Wanawake ni lazima, si mapambo ya orodha. Kuna mama ambaye hatakubali kuguswa na kijana wa kiume hata akivuja damu, na ni haki yake. Changanyeni koo pia. Kikundi cha ukoo mmoja kitafunguliwa milango ya ukoo mmoja tu. Na mwe na mtu wa kila lugha inayosemwa hapo, iwe Kirendille, Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana au Kidaasanach. Bibi aliyezaliwa fora hatakueleza maumivu yake kwa Kiswahili.

Hatua ya 3: Onaneni na waliokuwepo kabla yenu

Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza zaidi ya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, wale tunaowaita CHP, wakiwa na mikoba yao. Wako kwenu pia. Msiende kushindana nao. Mwalikeni CHP awe mwanachama. Yeye anajua nyumba yenye mjamzito na nyumba yenye mgonjwa wa kifafa. Wakunga wa jadi nao waiteni mapema. Mkunga aliye upande wenu atawapigia simu damu inapoanza kutoka. Asiye upande wenu atawaita ikiwa imechelewa.

Mkitaka kufungua akaunti au kuomba msaada wa kaunti, jisajilini kama kikundi cha jamii kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria inayosimamia ni ya mwaka 2022. Isiwacheleweshe lakini, mafunzo yanaweza kuanza kabla ya cheti cha usajili.

Hatua ya 4: Pateni mafunzo, na mwombe yanayowafaa

Milango miwili ya kubisha ni tawi la Msalaba Mwekundu la kaunti yenu na St John Ambulance, ambayo imekuwa Kenya tangu 1928. Kozi za kawaida zimetungwa zikiwa na mji akilini. Mweleze mwalimu mapema kwamba kwenu mgonjwa atakaa mikononi mwenu saa sita, na umwombe muda zaidi kwenye kuvuja damu, kumlaza asiyejitambua, mifupa, kuungua, nyoka na joto kali.

Kufufua moyo kwa kukandamiza kifua mjifunze pia: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kunaweza kumwokoa aliyezama ziwani Turkana au kwenye laga. Ila nasema wazi kwamba pasipo mashine wala hospitali karibu, wengi hawatarudi, na kozi inayotumia siku nzima kwenye mwanasesere wa plastiki na nusu saa kwenye nyoka haikutungwa kwa ajili yenu.

Angalieni tarehe ya mwisho ya vyeti. Na kati ya kozi na kozi, fanyeni mazoezi ya kubeba: machela ya fito mbili na mablanketi, mtu mzima juu yake, kutoka manyatta hadi barabarani, jua likiwaka. Hapo mtajua ni wabebaji wangapi mnahitaji.

Hatua ya 5: Pangeni simu

Amueni nani humpigia nani. Mtu mmoja aitwe wa zamu, abaki penye mtandao, na asiende kwa mgonjwa hata kama ni ndugu yake. Yeye ndiye hupiga 999 au 112, laini ya Msalaba Mwekundu 1199, nesi, na mwenye gari. Namba ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa dukani, kwa sababu simu huzima.

GPS ya simu hufanya kazi hata pasipo mtandao. Chukueni mapema namba za mahali pa kila manyatta, kila kisima na uwanja wa ndege, mzinakili daftarini. Anayetoka mbali hataelewa “pale penye mgunga mkubwa.”

Hatua ya 6: Pangeni gari na mafuta kabla ya ajali

Orodhesheni kila gari: Land Cruiser ya misheni, gari la shule, la chifu, lori la mifugo, Probox ya mwenye duka. Kwa kila moja andikeni dereva, namba yake, na bei mliyokubaliana. Bei ikipatanwa usiku, mgonjwa akiwa analia, itakuwa mara tatu, na dereva hatakuwa na haya.

Njia niipendayo ni kumwachia muuza mafuta pesa za lita kadhaa, akaziandika, na mafuta hayo yasiguswe ila kwa mgonjwa. Mchango mdogo wa kila mwezi wa kila nyumba hutosha kuyarudisha. Harambee hufanya kazi vizuri, lakini huchukua siku tatu.

Kuhusu bodaboda: inamfaa aliyevunjika mkono, mwenye homa, au aliyeumwa na nyoka ambaye bado yuko timamu, akikaa katikati na mtu wa kumshika nyuma. Haimfai kamwe asiyejitambua, aliyeumia shingo au mgongo, wala aliyevunjika paja. Hao wasubiri gari, hata kama ni lori la mbuzi.

Ndege ni habari nyingine. Flying Doctors wa AMREF, yaani huduma ya ndege za wagonjwa, huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na safari ina gharama. Ulizeni mapema kama kaunti, mwajiri au bima ya mgonjwa inalipia, na mwacheni nesi au daktari ndiye aombe. Kazi yenu ni uwanja: ondoeni mbuzi, ngamia na mawe, fungeni kitambaa kwenye mti rubani aone upepo, na muwazuie watoto wasiisogelee ndege mpaka injini izimwe. Uwanja usio na taa ni wa mchana.

Hatua ya 7: Sasa nunueni mkoba

Glavu nyingi kuliko mnavyodhani. Shashi na bendeji pana, bendeji za pembe tatu, plasta ya kubandika, mkasi wenye nguvu wa kukata nguo na shanga, paketi za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), parasetamoli, sabuni, tochi ya kichwani, karatasi ya nailoni ya kufungia chakula, na leso mbili safi zilizofungwa zisiingie vumbi. Maji lita tano za kunywa, kando na ya kuoshea.

Msiweke sindano, viuavijasumu wala dawa ya sumu ya nyoka. Dawa ya nyoka inaweza kumshtua mgonjwa vibaya sana na kumkata pumzi. Ni ya hospitali. Mkoba ukaushwe na kukaguliwa kila mwezi, uwe kivulini: plasta huyeyuka gundi na glavu hupasuka kwa joto la huku.

Hatua ya 8: Siku ya tukio

Kwanza tazama usalama. Kama ni uvamizi wa mifugo, usiende mpaka askari wa akiba au polisi waseme pametulia. Kisha fuata utaratibu uliofundishwa, ukizingatia yafuatayo.

*Damu nyingi.* Vaa glavu, bana jeraha kwa kitambaa kwa nguvu zote, dakika kumi bila kuchungulia. Shimo lenye kina lijaze kitambaa kisha ubane. Kama mkono au mguu bado unamwaga, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, usifunge kwenye kiungo, ukikaze kwa kijiti hadi damu isimame. Andika saa kwenye paji la uso au kwenye karatasi iliyofungwa mkononi. Usikilegeze njiani kwa kubahatisha. Usitie majivu, udongo wala kahawa.

*Nyoka.* Hapa ndipo madhara mengi hutoka kwetu wenyewe. Wanaouma sana huku ni kifutu, swila mwekundu anayetema, na yule nyoka mdogo wa mchangani anayesugua magamba yake yakalia kama mafuta kikaangoni. Sumu ya huyu wa mwisho huzuia damu isigande. Sasa fikiria umemchanja kwa wembe mtu ambaye damu yake haitaganda.

Mtoe mgonjwa pale nyoka alipo. Mtulize, mlaze, asitembee. Ufunge mguu au mkono kwa banzi kama uliovunjika, usitikisike. Vua pete, bangili na shanga zote za kiungo hicho mara moja, kwa sababu kitavimba na shanga zitakata mzunguko wa damu. Kwa mama wa Kirendille au Kisamburu shanga zina maana yake, hivyo mwombe ruhusa na umpe jamaa yake azihifadhi. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usitie barafu, usimpige kwa umeme wa betri. Kwa maumivu ni parasetamoli tu. Aspirini, brufeni na diklofenaki huongeza kuvuja. Andika saa, na uweke alama ya kalamu mahali uvimbe ulipofika, ukirudia kila nusu saa. Usimfukuze nyoka; picha ya mbali inatosha.

Kuna wenye jiwe jeusi la nyoka, linalosemwa huvuta sumu. Halivuti sumu. Lakini usigombane na mzee mbele ya jamaa: mwache aliweke huku gari likija, mradi asichanje, asifunge kamba, na safari isicheleweshwe hata dakika moja. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi, dakika kumi na tano au zaidi, kisha kituoni.

*Kuungua.* Maji safi ya baridi, dakika ishirini. Najua mnayavuta kwa punda. Yakinge kwenye beseni safi uyarudie kumwagia. Funika kwa nailoni safi au leso safi bila kukaza. Dawa ya meno, unga, samli na kinyesi cha ng'ombe, hapana.

*Mfupa.* Fito za nyumba ni banzi nzuri, zikiwekewa nguo laini. Funga kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kila baada ya muda gusa vidole: vikiwa baridi au vikifa ganzi, legeza.

*Asiyejitambua.* Kama anapumua, mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini, na mtu mmoja akae kichwani pake safari nzima. Hapewi maziwa, maji wala chai.

*Joto na kuharisha.* Kivuli, nguo zilegezwe, nguo yenye maji mwilini na upepo wa leso. Anayechanganyikiwa hanyweshwi, apelekwe. Mwenye akili timamu apewe ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Chumvi ikizidi ni hatari, pima.

*Mbwa, mbweha au fisi.* Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

*Damu baada ya kujifungua.* Ita gari kwanza, ndipo ufanye mengine. Mtoto awekwe kwenye titi. Nesi awafundishe wanawake wa kikundi kusugua tumbo la uzazi. Hilo halifundishiki kwa maandishi.

Hatua ya 9: Mkabidhi mgonjwa kwa maandishi

Kila robo saa andika anavyopumua, mapigo, kama anajibu. Ukifika, mpe nesi karatasi: jina na umri, nini kilitokea na saa ngapi, ulimkuta vipi, ulifanya nini, nini kimebadilika. Usiongeze unachodhani. Baki na nakala.

Mkikwama

*Mtandao umekatika.* Tuma wajumbe wawili, njia mbili tofauti, kila mmoja na ujumbe ulioandikwa. Ujumbe wa mdomo ukifika umbali wa saa tatu huwa umeshazaa mgonjwa mwingine.

*Jamaa wanakataa hospitali.* Uliza sababu. Mara nyingi ni nauli, au ni nani atabaki na mbuzi, na hilo kikundi kinaweza kulitatua. Mtafute mzee aliyewahi kupona hospitalini azungumze nao.

*Mgonjwa ana jeraha la risasi na kituo kinataka barua ya polisi kwanza.* Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Isome kwa upole, ukiwa na nakala. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, hujazwa baadaye.

*Amekuja majeruhi wa upande uliotuvamia.* Anahudumiwa. Hili likubalianeni siku ya kwanza, wazee wakisikia, si siku ya damu.

*Wanachama wamepungua.* Ukame ukija, vijana huhamia fora, na hawajawaacha. Wapeni mkoba mdogo waende nao: glavu, bendeji, ORS, banzi, karatasi ya namba. Huku nyumbani ongezeni mafunzo kwa akina mama, ambao huhama kwa nadra zaidi.

*Mgonjwa amefariki njiani.* Msiendeshe kwa kasi zaidi. Funikeni, mjulisheni mkubwa wa familia ana kwa ana, kisha chifu. Siku zifuatazo kikundi kikae, kila mtu aseme alichokifanya, bila kutafuta wa kulaumiwa. Aliyekaa kichwani pake msimpe zamu wiki hiyo.

*Mmefika, zahanati imefungwa.* Nesi ni mmoja na ameitwa semina. Ndiyo maana mtu wa zamu hupiga simu kabla gari halijawashwa, na dereva huambiwa vituo viwili, si kimoja. Mafuta mliyoyaweka kwa muuza mafuta yahesabiwe mpaka kituo cha pili, na kurudi.